Je, wajua? "About" iliyo ndani ya "bring about" si "kuhusu"

Tangu Juni 2025 magari yanavuka Ziwa Victoria kutoka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja la takriban kilomita 3, bila kusubiri kivuko. Mpe mwanafunzi wa Mwanza sentensi "The bridge brought about a change" aitafsiri, na usishangae akikuandikia: "Daraja lilileta kuhusu mabadiliko." Kila neno lipo kwenye kamusi, ila sentensi haisomeki. Ilitakiwa iwe "Daraja lilileta mabadiliko", basi.

Kosa hilo lina chanzo. Maana ya "about" tunayoishika mapema ni "kuhusu", na wengi huishia hapo. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa la mahali: upande wa nje wa kitu, kukizunguka. "Kuhusu" ilifuata baadaye. Maana ile ya kuzunguka haijafa. Baharia akisema "bring the boat about" anageuza chombo ili upepo ushike tanga kwa upande wa pili, kazi ambayo mvuvi wa mashua ya tanga huku ziwani anaifanya bila kuhitaji Kiingereza. Inashawishi kudai kwamba maana ya "bring about", yaani "kusababisha", ilizaliwa hapo, chomboni. Tusikimbilie huko. Matumizi ya "bring about" kwa maana ya kufanikisha jambo yapo tangu karne ya 14, na maneno kufanana si ushahidi wa ukoo.

Kinachosaidia zaidi ni kuijua jozi yake. "Come about" ni jambo kutokea. "Bring about" ni kulifanya litokee. Kiswahili hufanya kazi hiyo mwishoni mwa kitenzi, kwa kauli ya kutendesha: chelewa, chelewesha, shuka, shusha, kauka, kausha. Katika jozi yao Waingereza wamebadili kitenzi kizima na kuiacha "about" ilipokuwa. Ndiyo maana huwezi kuitafsiri peke yake: ni kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi wa sato, unaionja lakini huichoti.

Basi unapotafsiri, tafuta kwanza kitenzi chenye mnyambuliko huo. "The storm brought about a delay" ni "dhoruba ilituchelewesha", wala si "dhoruba ilisababisha kutokea kwa ucheleweshaji", mzigo ambao hakuna abiria wa meli ya Bukoba angeubeba mdomoni. "Kupelekea", inayopendwa sana kwenye taarifa za habari, ni kivuli cha "lead to". Wahariri wengi huifuta, na wana haki: kupelekea ni kumpelekea mtu kitu, kama kumpelekea bibi dagaa.

Ukiandika Kiingereza chenyewe, angalia kinachofuata "bring about". Lazima kiwe tukio au hali: mabadiliko, amani, anguko. "He brought about fish" haiwezekani. Samaki huletwa tu. Kiwakilishi hukaa katikati: "brought it about", kamwe si "brought about it". Usiendeleze pia kwa "to", kama katika "brought about the price to fall". Muundo huo ni wa "cause": "caused the price to fall". Kwa "bring about" unahitaji nomino: "brought about a fall in the price". Na "bought about", bila ile r, ni kununua. Hata Waingereza wenyewe huikosea.

Utasikia pia kwamba "cause" ni ya mabaya na "bring about" ni ya mema. Ni mwelekeo tu, tena dhaifu: ajali kwa kawaida huambatana na "cause", lakini anguko la mtawala huambatana vizuri na "bring about".

Tahadhari kubwa iko kwenye uzito wa madai. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, wakapungua vibaya miaka ya 1980. Ukiandika kwamba sangara "brought about" kupungua huko, msomaji ataelewa kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo litokee. Watafiti hutaja pia uvuvi uliopita kiasi, na mbolea na maji taka yaliyorutubisha ziwa hadi mwani ukazidi na maji yakapoteza uangavu wake. Kwa sababu za namna hiyo, zinazosukuma pamoja, Kiingereza kina "contribute to", na Kiswahili kina "kuchangia".