Skridi Ngumu Si Skridi Kavu: Kabla Vigae vya Bafuni Havijalazwa

Malalamiko ya vigae vya bafuni vinavyoinuka, kupasuka au kulia utupu vikigongwa yanazidi kutufikia wakaguzi, na wengi huja na hukumu tayari: gundi ilikuwa mbovu. Inawezekana. Ila mara nyingi tukikigeuza kigae tunakuta gundi yote iko mgongoni mwake, pamoja na ngozi nyembamba ya unga wa kijivu. Gundi ilishika barabara; kilichoachia ni uso wa skridi, yaani tabaka la kusawazisha sakafu linalomwagwa chini ya vigae. Unga huo ni saruji laini iliyopanda juu na maji wakati wa kusawazisha, na hauna nguvu yoyote. Huondolewa kwa kusaga, kisha vumbi likafyonzwa kwa mashine. Ufagio hautoshi. Na mwenye malalamiko asituletee kigae alichokisugua kikang'aa, maana ushahidi wote atakuwa ameuosha.

La pili ni haraka. Skridi ya saruji na mchanga hufunikwa kwa nailoni siku 7 hivi ili igumuke bila kupoteza maji mapema, na hesabu ya kukauka huanza ikishafunuliwa. Kadirio linalotumiwa sana ni siku 1 kwa kila milimita kwa milimita 40 za kwanza. Unene ukizidi hapo, kila milimita hudai muda mrefu zaidi. Kwa hiyo skridi ya milimita 40 ni kama wiki 6, tena pale hewa inapopita vizuri. "Nimeikanyaga na viatu, imekauka" si kipimo, tumeshasema mara nyingi. Wala kuielekezea hita skridi changa hakusaidii: uso husinyaa mapema kuliko chini, kingo zikajikunja.

Kipimo cha nyumbani kipo. Chukua kipande cha nailoni chenye karibu nusu mita kila upande, ziba kingo zote kwa utepe, kiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta matone au sakafu imekoza rangi, subiri. Usipoona kitu, hilo peke yake halithibitishi kwamba chini kumekauka. Uamuzi hutolewa na kipima unyevu.

Kama skridi yako ni ya jasi, mjulishe fundi kabla hajafungua mfuko. Gundi ya saruji ikikutana na jasi penye unyevu huotesha fuwele zinazosukuma kigae juu, hivyo lazima itanguliwe na praima inayofaa, yaani mpako wa kwanza unaoitenga gundi na jasi. Bafuni, kwa maoni yetu, ni heri jasi iepukwe kabisa.

Usawa hupimwa kwa rula ya mita 2, na kwa kazi nzuri mwanya chini yake usizidi milimita 3. Mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji utengenezwe ndani ya skridi yenyewe; 1 kwa 80, yaani milimita 12.5 kwa kila mita, hufaa sehemu ya kuogea. Kuutafuta kwa kurundika gundi upande mmoja ni kujitafutia kazi ya pili. Kizuia maji kikishapakwa na kukauka, jaza maji sakafuni kwa saa 24 ukiwa umeziba tundu, uone kama kunavuja.

Sasa utaratibu. Ombi la ukaguzi litolewe kwa maandishi kabla ya kuifunika skridi kwa vigae, likitaja tarehe ya kumwaga skridi, unene wake, tarehe ya kufunuliwa nailoni na majibu ya kipimo cha unyevu. Lenye tarehe ya kumwaga pekee hurudishwa. Kumpigia mkaguzi simu si ombi. Picha iliyotumwa usiku wa manane pia si ombi. Kwenye mikataba ya mfumo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi akifunika kazi bila kutoa taarifa anaweza kuamriwa kuifunua na kuirudishia kwa gharama yake, hata kama ikionekana chini yake haina kasoro. Hoja ya mwisho ndiyo makandarasi wanayoishangaa zaidi, na imo kwenye karatasi waliyoitia saini.