Kamanda atukane kwa lugha gani?

Kazi yangu ni kutafsiri maneno ya filamu. Hii ilikuwa ya Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa. Mzee kajigonga kidole kwa nyundo, akafoka: "Tabarnak!" Nikakwama hapo saa nzima. Neno lenyewe ni tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Kule Kanisa Katoliki lilishika shule, hospitali na maisha ya watu hadi miaka ya 1960, na watu wakayageuza mambo ya altare kuwa matusi: kalisi ya divai, hostia ya mkate, vyote. Nikiandika "Tabernakulo!", Mkatoliki wa Kampala atadhani mzee anataka kuungama.

Huku kwetu Uganda jina takatifu halitukani. Mama akijikwaa pale soko la Owino akalia "Yesu!", anaomba. Muislamu wa Bombo akisema "Lahaula!" naye anamtaja Mwenyezi Mungu, kwamba hakuna hila wala nguvu ila kwake. Basi "Jesus Christ!" ya jambazi wa Kimarekani siwezi kuiacha ilivyo. Atakuwa ameokoka katikati ya wizi.

Sisi tukishtuka huita watu. Mganda husema "Banange!", yaani wenzangu, mimi nasema "Jamani!" Kwa waigizaji wanaoingiza sauti neno hili ni zawadi: "Oh my God" ina silabi tatu na midomo hufumbana inapoanza ya pili, na "jamani" hivyo hivyo. Siku ya bahati kama hiyo namaliza kazi mapema.

Tunayemwita zaidi ni mama. "Mama wee!" Na ndiye huyo huyo tunayemtukana. "Nyoko" zamani lilikuwa na maana ya mama yako tu, basi. Waganda wana "nnyoko" yao, nayo imeharibika vilevile. Mwenye adabu husema "maama wo". Tusi la Kiingereza la kinyesi halina uzito huo. Mwigizaji akiangusha kikombe nikaandika "Mavi!", watazamaji watatafuta ni mtoto gani aliyejisaidia.

Kazi iliyonichoma ilikuwa ya Luganda. Mteja alitaka maneno yote yawe Luganda, isipokuwa matusi ya kamanda: hayo yawe Kiswahili. "Kwa Luganda hatatisha," akasema. Nilimwelewa, kwa bahati mbaya. Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, kikabaki cha jeshi na polisi, na wapo wengi hapa waliokisikia mara ya kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa cheo cha lugha rasmi ya pili, lakini sikio halisomi katiba.

Mimi nimezaliwa kambini, kambi ya jeshi. Mama alinibembeleza kwa Kiswahili hicho hicho.

Nilibisha kidogo, kisha nikaandika. Siku ya kurekodi mwigizaji aliniomba nimsomee lile tusi la mama apate matamshi. Nikasoma. Fundi wa sauti akatoa vipokea sauti masikioni, akanitazama: "Mzee, unamtukana au unamsalimia?"