Saa inaposoma 178: mapigo ya moyo mazoezini na yanayosemwa kuyahusu

Unakimbia mwendo wako wa kawaida, unapiga soga na mwenzako bila kuhema, ukitupia jicho saa janja unakuta imeandika 178. Wengi hapo husimama ghafla wakishika kifua. Lakini mengi tunayoambiana kuhusu namba hizi hayako hivyo.

"Saa imesema, basi ndivyo moyo unavyopiga"

Saa haiusikilizi moyo. Inamulika ngozi, mara nyingi kwa mwanga wa kijani, kisha inasoma jinsi mwanga unavyorudi kadiri damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo ya mkono. Ukiwa umekaa, kazi hiyo inaifanya vizuri. Ukianza kukimbia, kila hatua inaitikisa saa na kuisukuma damu, na programu iliyomo inatakiwa itenganishe mtikisiko huo na pigo la moyo. Mara nyingine inachanganya, inahesabu miguu.

Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Kwa hiyo ukiona namba imeganda kwenye 170 na kitu, haipandi kwenye mlima wala haishuki kwenye mteremko, ishuku. Hesabu hatua zako kwa sekunde 30, uzidishe kwa 2. Zikilingana na namba ya saa, jibu umelipata. Mkanda uliolegea, baridi, mchoro wa tatuu na kukunja kifundo cha mkono unaposhika vyuma au usukani wa baiskeli navyo huharibu kipimo. Kaza saa kidogo na uipandishe juu ya mfupa wa kifundo.

Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe, ndiyo maana unaaminika zaidi. Nao una vituko vyake: dakika za mwanzo, kabla jasho halijaulowesha, unaweza kurusha namba zisizo na kichwa wala miguu. Ulowanishe kabla ya kuuvaa.

Ukitaka kuhakikisha, tumia vidole. Simama, weka viwili kwenye kifundo upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15 na uzidishe kwa 4. Usihesabu dakika nzima, kwa sababu moyo huanza kushuka mara tu unaposimama na utaishia kupata namba ndogo kuliko ile uliyokuwa nayo.

"Ukivuka 220 toa umri, umeingia kwenye hatari"

Dhana hii, kwa maoni yangu, imetia watu hofu ya bure kuliko nyingine zote. Kanuni yenyewe ilienea kutokana na makala ya Fox, Naughton na Haskell ya mwaka 1971. Walikusanya takwimu za tafiti za wengine na kuona mapigo ya juu kabisa yanavyopungua kwa umri. Ulikuwa ni mstari wa kukadiria tu. Mpaka wa usalama wa mtu mmoja mmoja ni maana iliyobandikwa baadaye. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza kanuni nyingine: 208, toa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mwenye miaka 40 zote mbili zinatoa 180. Kwa mwenye miaka 60 ya kwanza inatoa 160, ya pili 166.

Ila hata iliyo bora ni wastani. Watu wa umri mmoja hupishana na wastani huo kwa mapigo 10 hadi 12 kwa kawaida, na tofauti ya 20 si kioja. Mwenye miaka 40 anayefika 193 akikimbia kwa nguvu zake zote anaweza kuwa mzima wa afya, na jirani yake asivuke 165 hata ajitume vipi. Aliyeambiwa mwisho wake ni 180 na akafika 188 hajavuka kitu, amejua tu kwamba kanuni haikumfaa. Saa nyingi hupanga kanda za mazoezi, yaani viwango vya ukali, kwa kanuni hiyohiyo, ndiyo maana wengine huonyeshwa rangi nyekundu wakati bado wanaongea sentensi nzima bila shida.

Kuna wasiofaa kuitumia kabisa: wanaomeza dawa kama atenolol, bisoprolol au propranolol, ambazo huzuia moyo usipande. Kwao kipimo kizuri ni pumzi. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mazoezi ni ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, ni makali.

"Kasi ni ileile na mapigo yamepanda, basi nimeishiwa pumzi"

Si lazima. Ukikimbia saa nzima kwa kasi moja, hasa kwenye joto, ni kawaida mapigo ya mwisho kuzidi yale ya dakika ya kumi kwa 10 au zaidi. Jasho limepunguza maji ya damu, na sehemu ya damu imepelekwa kwenye ngozi ili kupoza mwili. Kila pigo sasa linasukuma damu kidogo, na misuli inadai kiasi kilekile, hivyo moyo unaongeza idadi. Kunywa maji, punguza kasi, maisha yaendelee.

Kukosa usingizi, kahawa, sehemu za miinuko na baadhi ya dawa za mafua nazo hupandisha. Ukiwa na homa, pumzika tu. Lakini mapigo yakibaki juu kwa wiki kadhaa, hata ukiwa umekaa, hilo ni suala la maabara: upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hugundulika kwa kupima damu.

"Moyo unaopanda sana ni wa mtu asiye na mazoezi"

Upeo wa mapigo unategemea zaidi umri na urithi. Mazoezi hayaupandishi. Yanachobadilisha ni mapigo ya mapumzikoni na kasi ya kushuka ukisimama. Tazama dakika ya kwanza baada ya zoezi kali: kushuka kwa 20 na zaidi ni dalili njema, na kushuka chini ya 12 mara kwa mara ni jambo la kumweleza daktari.

"Moyo umepangiwa idadi ya mapigo, usiyamalize"

Hata tukikubali hoja hiyo, hesabu inaikataa. Mapigo 70 kwa dakika kutwa nzima ni 100,800. Mwenye mazoezi ambaye moyo wake hupiga 55, ukimwongezea saa moja ya 150, anafika 84,900.

"Bora sisikii maumivu, namba yoyote ni sawa"

Hili ndilo kosa la upande wa pili. Moyo wa kawaida hupanda hatua kwa hatua na kushuka hivyohivyo. Ukihisi umeruka mara moja kutoka 130 hadi 200, ukabaki hapo hata baada ya kusimama, kisha ukakatika ghafla, huo ni mtindo wa hitilafu ya umeme wa moyo, na haulazimiki kuuma. Mapigo yasiyo na mpangilio nayo yachunguzwe. Kubanwa kifua au kuzimia katikati ya zoezi ni dharura, saa isome 110 au 190. Na kama kwenye ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, mwambie daktari kabla hajakuuliza.

Kipimo cha ECG, kinachorekodi umeme wa moyo, ukiwa umelala kinaweza kutoka safi kabisa, kwa sababu hitilafu haipo muda huo. Kwa hiyo daktari anaweza kukukimbiza kwenye mashine au kukuvalisha kifaa cha kurekodi kwa saa 24. Nenda na picha ya grafu ya saa yako, ukiwa umeandika ulikuwa unafanya nini, ulijisikiaje, na mapigo yalishuka taratibu au kwa mkupuo.