Sosi ya ranchi ya nyumbani: chumvi iko kwenye pakiti

Wiki iliyopita nimeambiwa mara nne, na watu wanne tofauti: "Ranchi yangu haina shida, natengeneza mwenyewe." Wanasema ile sosi nyeupe ya Kimarekani ya kuchovya na ya saladi. Wote wanne wana shinikizo la juu la damu. Nafanya kazi ya ushauri wa lishe huku Marekani, na wengi wanaokuja kwangu wametoka Kivu, Kigoma na Mombasa. Watoto wao wamezoea shuleni kuchovya kila kitu kwenye ranchi: karoti, mabawa ya kuku, piza, chipsi. Mzazi akisikia kwamba ya chupa si nzuri, anaamua kuikoroga mwenyewe. Nia ni njema kabisa. Ninachogombana nacho ni kile kinachoingia kwenye bakuli.

"Ya nyumbani ni ya afya"

Mama mmoja wa Uvira aliniletea ya kwake kwenye kopo la kioo, nyeupe, nzito, yenye harufu nzuri ya kitunguu saumu. "Dada, nimeweka yogati tupu, mayonezi sijagusa." Nikamuuliza ladha ameitoa wapi. Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya unga wa ranchi.

Tukaisoma pamoja. Kwenye lebo za Marekani viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, na chumvi ilikuwa pale juu kabisa. Sodiamu iliyoandikwa ilionekana ndogo, kwa sababu ilikuwa ya kipimo kimoja, unga usiojaza hata kijiko cha chai. Nikamwomba azidishe kwa idadi ya vipimo vilivyomo. Jibu likapita miligramu 2,000, na hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikivuke kwa siku nzima. Zaidi ya hapo, maelekezo yalisema pakiti moja kwa vikombe 2. Yeye aliimimina yote kwenye kikombe kimoja ili ikolee. Yogati ilipunguza mafuta, hilo alifanikiwa. Lakini aliyekuja kwangu kwa ajili ya presha alikuwa anakula sosi yenye chumvi kuliko ya chupa aliyoikimbia.

Na hii si ajali. Ranchi ilianza kuuzwa hivyohivyo. Steve Henson, fundi bomba aliyekuwa akiwapikia wenzake kazini Alaska, alinunua shamba karibu na Santa Barbara, California, mwaka 1954 pamoja na mkewe Gayle, wakaliita Hidden Valley Ranch. Wageni walipoipenda sosi yake, akaanza kuuza pakiti za unga ili watu wakachanganye nyumbani na mayonezi na mtindi (buttermilk). Sosi ya chupa isiyohitaji friji dukani ilifuata miaka ya 1980. Kwa hiyo anayefungua pakiti anakoroga bidhaa ya kiwandani kwenye bakuli lake mwenyewe.

Tupa pakiti. Chukua kikombe 1 cha yogati nzito isiyo na sukari, robo kikombe ya mtindi, na vijiko 2 vya chakula vya mayonezi ya kawaida (ndiyo, ya kawaida, nitaeleza). Katakata pasli, majani ya vitunguu na shibiti, yale majani membamba kama nyuzi. Kiganja kizima, usibane mkono. Ponda punje 1 ya kitunguu saumu hadi ilainike kabisa, tia pilipili manga na kijiko 1 cha chai cha maji ya limau. Chumvi, robo ya kijiko cha chai, basi. Inatoka sosi ya vipimo 11 au 12 vya vijiko viwiliviwili vya chakula, na kila kimoja kina sodiamu ya miligramu 80 hivi. Ya chupa huwa kwenye 260.

Ukitumia kitunguu saumu cha unga, soma kichupa mara mbili. Unga wa kitunguu saumu na chumvi yenye kitunguu saumu hukaa rafu moja, vichupa vinafanana, na nimeshakuta jikoni kwa watu kile kisichotakiwa mara nyingi mno.

Kisha iache friji usiku kucha kabla ya kuihukumu. Ikiwa mpya haina ladha, na hapo ndipo mkono unapokimbilia chumvi. Asubuhi kitunguu saumu na shibiti vitakuwa vimeingia. Onja kwa kuchovya jani la letasi au kipande cha tango, si kwa kijiko, kwa sababu hutaila kwa kijiko. Ikiwa bado imepooza, ongeza limau.

"Isiyo na mafuta kabisa ndiyo bora"

Hapana. Karoti na majani ya kijani yana karotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwili hauifyonzi vizuri bila mafuta. Mwaka 2004 watafiti wa Iowa State University waliwapa watu saladi yenye sosi isiyo na mafuta, na karotini iliyofyonzwa ilikuwa karibu na sifuri. Vile vijiko 2 vya mayonezi vina kazi. Tena, zile za dukani zisizo na mafuta mara nyingi hujazwa wanga na sukari ili ziwe nzito.

"Mtindi wa Kimarekani umejaa siagi"

Ni jina la Kiingereza, buttermilk, linalowapotosha, kwa kuwa lina neno siagi (butter) ndani yake. Zamani yalikuwa maziwa yanayobaki siagi ikishatolewa. Leo ni maziwa, mara nyingi ya mafuta kidogo, yaliyogandishwa kwa bakteria, ndugu wa mtindi wetu na mala ya Kenya. Kikombe cha yale yenye mafuta kidogo kina gramu 2 hivi za mafuta.

"Natumia chumvi ya waridi"

Ni chumvi. Karibu yote ni kloridi ya sodiamu kama nyingine, na mara nyingi haijatiwa madini ya joto. Presha haioni rangi.

"Ina limau, haiharibiki"

Limau la kijiko kimoja halihifadhi sosi yenye majani mabichi na maziwa. Iweke friji, nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, iishe ndani ya wiki moja. Usichovye karoti iliyokwisha kuumwa moja kwa moja kwenye kopo. Mchotee kila mtoto vijiko vyake 2 kwenye kibakuli. Yule mama wa Uvira sasa anabandika plasta kwenye kopo na kuandika siku aliyoikoroga. Wiki hii aliniletea nionje, na alikuwa amekuja na tango lake tayari limekatwa.