Ruhusa ya mnara haimwondolei rubani wajibu

Wengi Nairobi huamini kwamba mnara wa kuongozea ndege wa Uwanja wa Wilson ukimruhusu rubani kupaa, akiingia anga lililofungwa kwa muda lawama ni ya waongoza ndege. Sivyo. Ruhusa ile humpa njia ya kurukia na kumtenganisha na ndege nyingine. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinamtaka rubani mwenyewe apitie taarifa zote za safari kabla ya kuondoka, zikiwemo notamu, yaani matangazo rasmi kwa marubani, zinazotaja eneo, kimo na saa za zuio. Tena saa hizo, na hili ni muhimu mno, ni za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu: notamu ikiandika 0600, Nairobi ni saa 3 asubuhi. Akiruka chini nyuma ya vilima vya Ngong, redio huenda isimfikie, hivyo asitegemee mnara kumwonya.