Pesti ya kadi ya grafiki haipoozi, inaziba mianya tu

Kuna imani ya siku nyingi kwamba pesti, ule uji mzito unaopakwa juu ya chipu ya kadi, ndo inayopoza chipu, kwa hiyo ukibadilisha ile iliyokauka ukapaka nyingi joto litashuka zaidi. Hapana. Kinachopoza ni hitsinki (kile chuma kinachokaa juu ya chipu na kutoa joto) na feni, pesti kazi yake ni kuziba vimianya visivyoonekana kati ya chipu na chuma, maana vikibaki na hewa joto halipiti vizuri, hewa inapitisha joto kwa kama 0.026 W/mK hivi (kipimo cha upitishaji joto, kikiwa kikubwa joto linapita vizuri) wakati shaba ya hitsinki inakaribia 400, na pesti nyingi hata 15 hazifiki. Yaani pesti yenyewe ni dhaifu sana mbele ya shaba, sasa ukiacha tabaka nene unaongeza kizuizi.

Ila usiibanie pia. Chipu ya kadi iko wazi, haina kifuniko kama prosesa nyingi za kompyuta ya mezani, kona ikikosa pesti inachemka peke yake huku joto la kawaida unaloliona kwenye programu liko poa tu. Paka ienee uso wote, ikivuja kidogo pembeni ukikaza skrubu sio ishu, mradi isiwe metali ya majimaji, hiyo inapitisha umeme.

Ile kavu ifute kwa alkoholi ya isopropili, usikwangue na bisibisi tafadhali. Na zile pedi laini za memori usiweke pesti badala yake, pengo la pale ni kubwa mno kwa pesti, na pedi mpya ziwe na unene uleule, zikizidi hitsinki inanyanyuka na chipu haiguswi vizuri.