Kompyuta ikimwagikiwa kimiminika, kukauka peke yake hakutoshi

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha matengenezo kuhusu kompyuta zilizomwagikiwa yameongezeka, na mengi yanafanana: "Niliikausha, ikawaka vizuri, nikaitumia siku mbili, sasa haiwaki kabisa." Wengine huongeza kwamba ilikuwa nzima mpaka fundi alipoifungua. Tunaelewa uchungu wa kupoteza kifaa chenye kazi zako zote. Ndiyo maana tumeona tueleze, maana bodi nyingi (sahani za ndani zinazobeba chipu) zinazotushinda zilikuwa za kuokolewa siku ile ile.

Maji hayaui bodi kwa kuilowesha tu. Viwandani baadhi ya bodi huoshwa kwa maji yaliyosafishwa baada ya kulehemiwa, zikakaushwa, zikaendelea na safari. Hatari inakuja pale unyevu wenye chumvi unapokutana na umeme. Chembe za metali hung'oka kwenye mguu mmoja wa chipu, husafiri ndani ya tone, na kujijenga kwenye mguu wa jirani kama vinyuzi vyembamba. Vinyuzi hivyo vikikua mpaka kugusa mguu wa kwanza, tayari ni shoti. Dakika chache zinatosha kazi hiyo kuanza, na tone lenyewe unaweza usilione bila lenzi.

Kwa hiyo la kwanza ni umeme. Chomoa chaja, lakini kama waya au soketi imelowa, kata swichi ya ukutani kabla hujaigusa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka mashine izime. Kufunga kifuniko si kuzima. Na hata iliyozimwa kabisa, kompyuta mpakato ina sehemu za bodi zinazopata umeme muda wote betri ikiwa imeunganishwa. Hapa ndipo watu wengi hutukatisha na kusema, "Lakini niliizima!" Kuizima ni sawa, ila betri lazima itengwe. Kama unajua kufungua mfuniko wa chini, fungua, chomoa kiunganishi cha betri, toa na ile betri ndogo ya mviringo ya volti 3 kama inatoka. Kama hujui, igeuze kibodi ielekee chini ili kimiminika kisizidi kushuka kwenye bodi, na uilete siku hiyo hiyo. Usiiwashe "kujaribu kidogo tu". Jaribio hilo ndilo linaloua bodi nyingi kuliko chai yenyewe.

Kuhusu mchele: tafadhali tuuache. Hauvuti unyevu uliojificha chini ya chipu, unaacha vumbi la wanga kwenye matundu, na zaidi ya yote unamfanya mtu asubiri siku tatu akidhani tiba inaendelea wakati kutu inakula shaba. Draya ya nywele nayo ikiwekwa kwenye joto kali hupinda plastiki na kusukuma kimiminika ndani zaidi. Oveni ya jikoni hatutaijadili.

Usafishaji wenyewe una mpangilio. Bodi hutolewa kwenye kasha lake, vifuniko vya chuma vinavyokinga chipu hufunguliwa, diski hutolewa na kuwekwa kando. Diski ya kuzunguka haioshwi kamwe, kwa kuwa nyingi zina kitundu cha kupumulia. Kama kilichomwagika kina sukari, maziwa au chumvi, bodi huoshwa kwanza kwa maji yaliyokenekwa, kwa brashi laini, hasa kuzunguka viunganishi na kingo za chipu. Wako wanaonunua chupa iliyoandikwa ni ya betri za magari wakidhani yote ni maji hayo. Soma lebo, nyingine ni tindikali. Baada ya maji inafuata alkoholi ya isopropili, ya asilimia 99 ikipatikana. Hiyo huchanganyika na maji yaliyobaki, huyaondoa, kisha hukauka haraka. Ya asilimia 70 ni ya kusafishia ngozi, na karibu theluthi yake ni maji. Alkoholi inashika moto upesi, hivyo fungua madirisha na usiwe karibu na jiko wala cheche. Ikishafika kwenye prosesa, dawa ya kupitishia joto huondoka na ni lazima ipakwe upya.

Kukausha ni hewa inayotembea, yaani feni, bodi ikiwa imesimama wima, kwa saa 24 au zaidi. Juu hukauka mapema. Chini ya chipu pana, ambapo nafasi ni nyembamba kuliko kadi ya simu, unyevu hung'ang'ania. Kabla ya kurudisha betri sisi hupima kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, kama njia kuu ya umeme ina shoti. Ikiwa nayo, hatuwashi.

Mambo mawili usiyafanye mwenyewe kwa hali yoyote. Usifungue kasha la kugeuzia umeme la kompyuta ya mezani, kwa sababu kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Na betri iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe, wala usiichaji.

Sasa utaratibu wa kupokea vifaa. Unapofika utajaza fomu yenye sehemu nne: maelezo ya kifaa na namba yake, saa ya tukio, aina ya kimiminika, na yote uliyoyafanya kabla ya kuja. Utasaini ridhaa ya kufungua kifaa, na ridhaa nyingine tofauti kama unataka tunakili data. Bila ridhaa ya pili hatugusi data iliyo kwenye diski, hata ukitupigia simu baadaye. Utapewa stakabadhi, na kifaa hakitolewi bila hiyo. Kitengo hakitoi hakikisho kwamba kifaa kitapona. Ukumbuke pia kwamba dhamana za watengenezaji wengi hazigharamii madhara ya kimiminika, na ndani ya mashine nyingi kuna vibandiko vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikilowa. Kwa vifaa vya taasisi vilivyoazimwa, anayetoa taarifa siku ile ile hushughulikiwa kama aliyepata ajali. Anayeficha, kisha vibandiko vikatuonyesha, atadaiwa gharama yote ya kifaa.

Wiki chache zilizopita tulifungua mashine ambayo fomu yake ilisema "maji". Tuliisafisha kwa alkoholi, ikakauka, shoti ikabaki pale pale. Tulipoinua kifuniko cha chuma karibu na kiunganishi cha kibodi tukakuta utando wa kahawia unaonata, na katikati yake miguu mitatu imeshakuwa ya kijani. Ilikuwa chai ya maziwa yenye sukari. Sukari huyeyuka kwenye maji, kwenye alkoholi haiyeyuki ipasavyo. Lingeandikwa neno "chai", tungeanza na maji.